Nakuru, 1976: Mkutano Uliotaka Kumfungia Moi Njia

Siku 90 tu ndizo zilizowanyima usingizi vigogo wa siasa za Bonde la Ufa mwaka 1976. Kwa marekebisho ya katiba ya 1968, rais wa Kenya akifariki, makamu wake angeshika madaraka kwa muda huo huku uchaguzi ukiandaliwa. Jomo Kenyatta alikuwa mzee na afya yake ilishaanza kuyumba. Makamu wake alikuwa Daniel arap Moi, mwalimu wa zamani kutoka Sacho, Baringo, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955 na kupewa umakamu Januari 1967.

Waliompinga walipiga hesabu vizuri. Mtu akishaingia Ikulu, hata kwa miezi mitatu, si rahisi kumtoa.

Nakuru, mstari wa mbele alikuwepo Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru Kaskazini. Nguvu zake zilitokana na ardhi. Kupitia kampuni ya Ngwataniro, watu wasio na mashamba walichanga pesa, wakanunua hisa, na kampuni ikanunua mashamba makubwa ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Aliyelipa hisa alisubiri siku ya kuonyeshwa kipande chake, na wakati wote huo hakuwa na sababu ya kumuudhi kiongozi wa kampuni. Wafuasi wa aina hiyo hawapatikani kwa hotuba.

Septemba 1976 ukafanyika mkutano mkubwa wa hadhara mjini Nakuru. Jukwaani walikuwepo watu wazito: Njoroge Mungai, waziri wa zamani wa mambo ya nje na jamaa ya Kenyatta, Paul Ngei, Jackson Angaine, na Njenga Karume, mwenyekiti wa GEMA, jumuiya ya Wagikuyu, Waembu na Wameru. Walitaka kifungu kile kibadilishwe, makamu asirithi kiti moja kwa moja.

Jibu lilitoka kwa Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo. Oktoba 6 alitoa onyo kwamba kuwazia au kupanga kifo cha rais ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifo. Hapo aligonga penyewe, maana nani angejadili urithi wa rais bila kutaja kifo chake? Kenyatta na baraza lake la mawaziri wakasimama upande wa Njonjo, na vuguvugu likazimika.

Mwaka huohuo, huko Japani, vigogo wa chama tawala walikuwa wakimsakama Waziri Mkuu Takeo Miki waziwazi, hadi akajiuzulu Desemba baada ya uchaguzi kwenda vibaya. Kule waziri mkuu aliweza kung'olewa na wenzake mchana kweupe. Kenya, kumzungumzia tu mrithi kulimtia mtu hatarini, na naamini woga huo ulimfaa Moi kuliko kura yoyote.

Kenyatta alifariki Mombasa alfajiri ya Agosti 22, 1978. Moi alikuwa nyumbani kwake Kabarak, nje kidogo ya Nakuru. Alipopata habari aliingia garini akaelekea Nairobi. Joseph Karimi na Philip Ochieng, katika kitabu chao cha 1980 kuhusu urithi wa Kenyatta, waliandika juu ya Ngoroko, kikosi cha polisi wa Bonde la Ufa kilichodaiwa kuandaliwa kumzuia. Vyovyote ilivyokuwa, alifika, na siku hiyohiyo akaapishwa. Oktoba, kabla siku 90 hazijaisha, alikuwa rais kamili bila mpinzani.

Mkuu wa polisi wa Mkoa wa Bonde la Ufa, James Mungai, aliyehusishwa na Ngoroko, alikimbilia ng'ambo. Mwaka 1979 kiti cha Nakuru Kaskazini kilichukuliwa na Koigi wa Wamwere, ambaye Moi mwenyewe alimfungua kutoka kizuizini Desemba 1978, kisha akamrudisha kizuizini mwaka 1982.

Moi alitawala miaka 24, akazikwa Kabarak Februari 2020. Miaka miwili baadaye Susan Kihika, binti wa Kihika Kimani, alichaguliwa gavana wa Nakuru. Kifungu cha siku 90 kiliondoka na katiba ya 2010. Sasa rais akifariki, naibu wake anamaliza muhula wote uliobaki.