Jeni ya Notch na Historia ya Seli Shina za Ubongo

Katika miaka ya 1910, Thomas Hunt Morgan na wenzake, waliokuwa wakichunguza urithi wa nzi wa matunda nchini Marekani, waliwabaini nzi wenye mapengo pembezoni mwa mabawa, na jeni iliyohusika, yaani kipande cha urithi kinachobeba maagizo ya kuunda mwili, ikaitwa Notch. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Donald Poulson alionyesha kwamba kiinitete kisicho na jeni hiyo hujaa tishu za neva kupita kiasi, kwa kuwa seli zilizopaswa kuwa ngozi hugeuka kuwa za neva.

Baadaye ilithibitika kwamba hata katika ubongo wa mamalia unaokua, seli inayoanza kuwa neuroni, ambayo ni seli ya kupitisha taarifa, huiashiria jirani yake kupitia Notch, nayo Notch huwasha jeni ya Hes1 inayozizima jeni za ukomavu, hivyo seli hiyo jirani hubaki seli shina, yenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli nyingine. Mwaka 1995, watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya wasio na Hes1 hukomaza neuroni kabla ya wakati na ubongo wao huharibika vibaya. Ushahidi huo ulidhihirisha kwamba ubongo timamu hujengwa kwa subira ya seli zake.