Joto na Upepo katika Historia ya Dar es Salaam

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na joto lake hupanda na kushuka kidogo tu mwaka mzima. Januari na Februari mchana hufikia wastani wa sentigredi 32, na usiku haushuki sana chini ya 25. Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, mchana huwa kama 29 na alfajiri 19. Ahueni ya kipupwe basi huja zaidi usiku, maana kwa mchana tofauti ni nyuzi tatu tu.

Kinachobadilika kweli ni upepo na unyevu wa hewa. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na huo ndio msimu wa fukuto: bahari imekwisha kupata moto, hewa imejaa mvuke, jasho halikauki mwilini. Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini. Hupita tena karibu na tarehe 9 Oktoba, lakini Oktoba haichoshi kama Machi, kwa sababu maji ya bahari bado yana ubaridi ulioachwa na kusi, upepo unaotawala kuanzia Aprili hadi Septemba. Kati ya misimu hiyo huja mvua za masika na za vuli.

Juu ya pepo hizo za msimu kuna upepo wa kila siku. Nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na ile ya baharini huingia kujaza nafasi. Nyumba iliyo ufukweni huupata upepo huo kwanza, ukiwa na nguvu zake zote. Iliyo ndani ya mji, nyuma ya kuta nyingine, hupata masalio. Katika mji usio na majira ya baridi jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, na ramani ya Dar es Salaam haieleweki vizuri bila kuuliza ni nani aliyepewa upepo.

Wakazi wa Mzizima, kijiji cha wavuvi kilichokuwapo kabla ya mji, walijenga kwa miti, udongo na makuti. Paa la makuti halishiki joto, na hewa ya moto hupenya na kutoka. Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, alileta desturi ya majumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake nene huchelewa kupata moto, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko. Majid alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijakamilika.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa mashariki, unaotazama bahari, ukawa wa majengo ya Kizungu, yenye varanda pana, dari za juu na bustani baina ya nyumba na nyumba. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa ufukweni hapohapo mwaka 1897. Wazungu wengi wa zama hizo waliamini kwamba homa za tropiki huletwa na hewa nzito iliyotuama, kwa hiyo upepo ulihesabiwa kuwa kinga ya maradhi. Mwaka huo wa 1897 Ronald Ross alikuwa India akionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, lakini desturi ya kuwatengea Wazungu ufukwe iliendelea.

Waingereza waliirithi ramani hiyo na kuipanua. Oysterbay ikajengwa kaskazini, mkabala wa bahari, kwa ajili ya Wazungu, huku Waafrika wakijazana Kariakoo, kwenye viwanja vidogo vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka. Mpango mkuu wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliacha maeneo ya wazi yaliyoitwa njia za upepo. Hoja ya hewa ilikuwa ya kweli, ila njia hizo zilitenganisha pia makazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, na ni vigumu kuamini kwamba ilitokea kwa bahati tu.

Kariakoo walijitengenezea ahueni yao. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi unaopita katikati, kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa pande zote mbili. Milango miwili ikifunguliwa, hewa hukatiza nyumba nzima. Bati liliposhika nafasi ya makuti, nyumba zilipona moto na uvujaji, lakini mchana vyumba vikawa tanuri. Mapishi yalikuwa uani, na jioni mazungumzo yalihamia barazani.

Baada ya uhuru wasanifu waliendelea kulikabili joto kwa ujenzi wenyewe. Anthony Almeida, mzaliwa wa mji huu, aliyatolea majengo yake vivuli vya zege ili jua lisipige madirisha. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililokamilika mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege inayoleta kivuli na kukusanya maji ya mvua, na pembeni liliachwa wazi hewa ipite. Kwa mji wa joto na masika, ni vigumu kutaja jengo lililofikiriwa vizuri zaidi.

Tangu miaka ya 1990 ghorofa zimezifuta nyumba nyingi za Kiswahili huko Kariakoo, na baraza zimekwenda nazo. Ghorofa hizo huzuia upepo wa bahari kufika mitaa iliyo nyuma yake, zege hutunza joto la mchana hadi usiku, na minara ya vioo katikati ya mji haikaliki umeme ukikatika. Viyoyozi hupoza vyumba kwa kuutupa moto barabarani, kwa wapita njia na wauza madafu, na kwa majirani ambao mishahara yao hutosha kununua feni tu.