Ni uzee tu: daktari wa bibi wa Sikonge ni nani?

Hebu leo tuliangalie neno moja: mganga. Kiswahili kinalitumia kwa mwenye tunguri na pia kwa mwenye koti jeupe. Mkuu wa tiba wa wilaya tunamwita Mganga Mkuu wa Wilaya na hakuna anayeshangaa. Lakini ukiwasikiliza wazee wa kwetu Sikonge utagundua kwamba neno hilo linabeba watu wawili tofauti kabisa. Yule wa zamani, ambaye Wanyamwezi wanamwita mfumu, alikujua wewe, akamjua baba yako, na aligombana na babu yako kuhusu mbuzi. Huyu wa sasa anajua namba iliyoandikwa kwenye kadi yako.

Swali langu ni hili: je, mzee wa Unyamwezi amewahi kuwa na daktari anayeweza kumwita "daktari wangu"?

Turudi nyuma kidogo. Karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda hadi Ujiji. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake maarufu. Pembe za ndovu zilikuwa na thamani, mgongo uliozibeba haukuwa nayo. Mpagazi akiugua njiani msafara haukukaa kumsubiri. Mara nyingi aliachwa kijijini, akapona au akafa kwa huruma ya wenyeji. Kwa hiyo watu wa njia ile walijua mapema sana kwamba tiba ni dawa, lakini pia ni mtu anayekubali kubaki na wewe.

Mmoja aliyebaki alikuwa Dk. Ebenezer Southon wa London Missionary Society. Alifika Urambo mwaka 1879, makao ya Mtemi Mirambo, mtu aliyewatetemesha wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Southon aliwatibu watu wa Urambo, akawa rafiki wa mtemi, akaandika mengi kuhusu historia na desturi za Wanyamwezi. Hakukaa muda mrefu. Mwaka 1882 alipigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya. Wajerumani waliokuwa kwenye safari ya utafiti katika eneo hilo walimkata mkono ili kumwokoa, lakini akafa. Miaka mitatu tu! Na bado jina lake halikosekani katika habari za Urambo.

Wa pili alikaa zaidi. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali, kwenye miaka ya 1860. Akiwa mtoto aliibwa na kuuzwa utumwani, akavushwa Sahara, akakombolewa na mapadri wa White Fathers huko Algeria. Walimpeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku, akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alifia huko huko mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 katika sehemu moja. Alioa huku, mwanawe akawa padri, na aliwatibu watoto, kisha watoto wa watoto hao. Alijifunza lugha za wenyeji na akazichunguza dawa zao za miti. Mzee wa Karema wa mwaka 1950 angeweza kusema "daktari wangu", kwa sababu alikuwa anamjua tangu akiwa mtoto.

Sasa tuje Sikonge penyewe. Wamoravian walipokea kazi ya Urambo kutoka kwa London Missionary Society mwaka 1898, na mwaka 1902 wakafungua kituo Sikonge. Baadaye palikuwa na hospitali pamoja na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Hospitali hiyo ya kanisa kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika kama hospitali teule ya wilaya.

Fikiria ukoma wa siku zile. Kabla ya dapsone kuanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940, dawa iliyokuwepo ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, sindano zenye maumivu makali na faida ndogo. Kwa maneno mengine, mgonjwa hakuwa na uhakika wa kupona. Alichokuwa anapewa ni kuoshwa vidonda, kufungwa bandeji, chakula, mahali pa kulala, na mtu asiyeogopa kumgusa. Naona hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika historia ya tiba ya wilaya yetu. Watu walihudumiwa vizuri hata pale ambapo hapakuwa na dawa ya kuwaponya.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi zamani kulikuwa peponi. Mmisionari alikuja na dini yake na wakati mwingine na dharau yake. Mfumu naye hakuwa malaika. Ramli hizo hizo za mganga wa ukoo ziliwanyooshea kidole bibi zetu wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, wakaitwa wachawi. Tabora, Shinyanga na Mwanza kuna vikongwe waliouawa kwa sababu hiyo. Kujuana peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na huruma na kuwe na elimu.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 serikali ilisogeza zahanati vijijini na matibabu yakawa bure. Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Nia ilikuwa njema, lakini uchumi ulipoanguka miaka ya 1980 dawa zikaadimika. Mwaka 1991 tiba binafsi ikaruhusiwa tena, na kuanzia mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza hapa hapa mkoani kwetu, wilaya ya Igunga, mwaka 1996, kisha sheria yake ikaja mwaka 2001. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikatambua haki ya mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo kutibiwa bila malipo. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Umeona? Historia yote hiyo ya karibuni inajibu swali moja: nani atalipa? Ni swali la lazima. Ila lile la pili, nani atakaa na mzee amsikilize, halina sheria yake.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Bibi yangu mzaa baba ana presha na miguu inamvimba. Nilimpeleka kwenye kituo kimoja, sitakitaja. Dirisha la wazee lilikuwepo, na maandishi "Mzee Kwanza" yalikuwepo. Daktari alikuwa kijana wa rika langu, hakumpa hata shikamoo. Aliniuliza mimi: "Huyu anaumwa nini?" Bibi akaanza kueleza, nusu Kiswahili nusu Kinyamwezi. Daktari akamkatiza: "Ni uzee tu huo." Akaandika dawa, tukatoka. Nje bibi akanikabidhi karatasi akaniambia, "Ameongea na wewe, basi dawa meza wewe mjukuu wangu."

Nilicheka, lakini kicheko hicho kiliniuma, maana bibi hakuwa anatania. Dawa za presha hakuzimeza kwa wiki nzima. Hadi alipokuja muuguzi mmoja mstaafu, jirani yetu, akamsalimu "mwangaluka", akakaa naye mkekani, akabonyeza ile miguu, akamuuliza analala vipi usiku na chumvi anatia kiasi gani. Siku hiyo hiyo akaanza dawa. Dawa zile zile!

Namwelewa yule kijana. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa peke yake. Kesho atahamishwa, aje mwingine asiyemjua bibi wala lugha yake. Ndiyo maana sitaki kumaliza kwa kulaumu mtu. Tatizo ni kwamba tunawahamisha matabibu kama vile wao nao ni wapagazi wa msafara, huku mgonjwa wa uzeeni anahitaji mtu wa kurudi kwake tena na tena.

Kuna mambo yasiyohitaji fedha za wafadhili. Mzee apangiwe tabibu yule yule kila anaporudi. Aulizwe yeye kwanza, mjukuu afuate. Wauguzi wastaafu wanaojua lugha ya mahali waitwe hata siku moja kwa wiki. Na chuoni wafundishwe kwamba "ni uzee tu" si jina la ugonjwa.

Bibi ana miaka zaidi ya 80. Hamwombi daktari amrudishie ujana. Anataka asalimiwe, aulizwe, aguswe mguu unaouma. Wagonjwa wa ukoma walipewa hayo hapa hapa Sikonge, wakati dawa ya kuwaponya ilikuwa bado haijapatikana.