Ushonaji wa matanga: ujuzi wa mkono unaohitaji warithi

Tanga likifumuka mshono nje ya mwamba, nahodha hana mengi ya kufanya. Atalitua, atajaribu kulifunga kwa kamba, na kama hana injini wala tanga la akiba, chombo kitakwenda kule upepo na mkondo unakotaka. Kwa mvuvi wa ngalawa, na kwa abiria wa mashua iendayo kisiwa cha jirani, usalama wa safari uko kwenye uzi ulioshonwa na mtu aliyebaki ufukweni.

Mtu huyo ni fundi wa matanga. Zamani kila bandari ya pwani yetu, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa, ilikuwa na mafundi wa namna hiyo. Leo ni wachache, na wengi wao ni wazee. Katika makala haya tunaeleza tanga linavyoshonwa, kwa nini mkono bado unahitajika, na mambo yanayoweza kuifanya karakana ndogo iendelee kufundisha vijana.

Tanga la pwani lilivyo

Tanga la jahazi, mashua na ngalawa ni la pembetatu. Ukingo wake wa juu hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia kwa mshazari kwenye mlingoti. Ili tanga lipate upepo, mabaharia huvuta kamba na kuipandisha foromali. Hapo tunasema tanga limetwekwa. Pembe ya chini ya nyuma huongozwa kwa kamba iitwayo demani. Demani ikivutwa, tanga linakaza. Ikilegezwa, tanga linafunguka.

Tanga la namna hii linaweza kukipeleka chombo karibu na upande unakotoka upepo. Huko ndiko kwenda joshi, na ndiko kunakotajwa kwenye methali isemayo dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini chombo kitakwenda joshi ikiwa tu tanga limekatwa na kushonwa sawasawa. Tanga lililovutika na kulegea ukingoni hupiga makofi, na chombo husukumwa kando badala ya kwenda mbele.

Kutoka mkeka hadi turubai

Kushona na usafiri wa bahari vimekwenda pamoja kwenye pwani hii kwa muda mrefu. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi kinaitaja Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki iliyopewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe, chombo kilichokuwa maarufu katika visiwa vya Lamu, haukuunganishwa kwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Yeyote aliyemwona mama akiunganisha kili za miyaa kuwa mkeka anaielewa kazi hiyo: vipande virefu vyembamba hukaa ubavu kwa ubavu, kisha sindano huvifanya kitu kimoja.

Vitambaa vya pamba vikachukua nafasi ya mkeka. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara, na meli za wafanyabiashara wa Salem zikaleta Zanzibar kitambaa cha pamba ambacho watu walikiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilipata nafasi. Kwa matanga, mafundi walipenda kitambaa kizito kama marudufu.

Siku hizi utaona matanga ya turubai, ya vitambaa vya poliesta, hata ya mifuko ya unga iliyofumuliwa na kuunganishwa. Kila kitambaa kina tabia yake. Pamba inafuata mkono wa fundi na kuushika upepo vizuri, lakini ikikunjwa na unyevu huota ukungu na kuoza. Mifuko ya plastiki haiozi kwa maji, lakini jua huimaliza: nyuzi zake hukauka na kukatika zikikunjwa. Poliesta inastahimili jua na maji zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Vifaa vya fundi

Karakana ya matanga haihitaji mashine nyingi. Kifaa cha kwanza ni shazia, ile sindano kubwa inayotumika pia kushonea magodoro na mikeka. Shazia nzuri ya matanga ina ncha yenye pande tatu, ili ipite kwenye kitambaa kizito. Cha pili ni kipande cha ngozi kinachovaliwa kiganjani, chenye sehemu ngumu ya kusukumia sindano. Bila ngozi hiyo, kiganja hakimalizi siku. Kisha kuna uzi mnene, kisu, kijiti chenye ncha cha kutobolea na kupanulia kamba, na kamba ya kupimia.

Kuna pia nta ya nyuki. Fundi huupitisha uzi kwenye nta kabla ya kushona. Nta huzifanya nyuzi ndogo zishikamane, huusaidia uzi upite bila kuchanika, na huupunguzia maji. Mshumaa wa dukani unaweza kutumika kwa dharura, lakini nta yake ni kavu na hupukutika.

Hatua za kulishona

Kazi huanza kwenye foromali. Fundi hupima urefu wake, urefu wa mlingoti na nafasi iliyopo kati ya mlingoti na tezi. Kisha huchora umbo la tanga chini, kwa vigingi na kamba, kwenye uwanja mpana au mchanga wa ufukweni.

Vipande vya kitambaa hupangwa juu ya umbo hilo. Hapa kuna siri ya kwanza. Kitambaa kikivutwa kufuata nyuzi zake hakirefuki sana, lakini kikivutwa kwa mshazari hurefuka. Ukingo wa nyuma wa tanga haukufungwa kwenye mti wowote, kwa hiyo nyuzi za urefu zinatakiwa ziufuate ukingo huo. Fundi akikosea, tanga litaharibika umbo baada ya safari chache.

Siri ya pili ni tumbo. Tanga lililo bapa kama shuka halivuti vizuri. Fundi hukata kingo zikiwa na mpindo mdogo, na anaposhona kamba ya ukingoni hukilegeza kitambaa kidogo kidogo. Tanga likijaa upepo, ule ulegevu hugeuka kuwa tumbo. Likizidi, chombo hakiendi joshi. Likipungua, chombo hakina nguvu. Kipimo hiki kwa kawaida hakiandikwi. Kimo kichwani na mikononi mwa fundi.

Baada ya kukata, vipande huunganishwa. Kingo mbili hupandana, mshono wa kwanza hupita upande mmoja, kisha kitambaa kinageuzwa na mshono wa pili unapita upande mwingine. Washona matanga wa Ulaya, enzi za meli za upepo, walihesabu takribani mishono mitatu kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho, kiungo kimoja cha mita 6, kikishonwa pande zote mbili, kinahitaji mishono karibu 1,400. Tanga lenye viungo kumi vya urefu huo lina mishono karibu 14,000. Ndiyo maana kazi hii haikimbizwi.

Mwisho huja pembe na kingo. Pembe huongezewa viraka viwili au vitatu, kwa sababu hapo ndipo nguvu zote za upepo hukutana. Kamba hushonewa kuzunguka ukingo, na macho ya kamba huwekwa kwenye pembe.

Kwa nini si cherehani tu?

Cherehani inasaidia, na mafundi wengi huitumia kwa viungo virefu. Lakini cherehani ya kawaida haipiti kwenye pembe zenye viraka vingi. Wala haiwezi kushona kamba kwenye kitambaa kama mkono ufanyavyo: shazia huingia katikati ya nyuzi za kamba, huchukua uzi mmoja tu, kisha hurudi kwenye kitambaa. Akichoma kamba ovyo, fundi hudhoofisha kitu kilichokusudiwa kulilinda tanga.

Jambo jingine ni matengenezo. Tanga hupasuka safarini, mbali na umeme na mbali na fundi. Baharia mwenye shazia, uzi na nta anaweza kuziba mpasuko chombo kikiwa bado baharini. Asiyejua kushona hana la kufanya ila kungoja.

Ujuzi unavyopotea

Injini ndizo zilizoanza. Vyombo vikubwa vilipozipata, tanga likawa la akiba, na barabara na malori yakachukua sehemu kubwa ya mizigo iliyopita baharini. Wavuvi wadogo wengi bado wanategemea upepo kwa sababu hauna gharama ya petroli, lakini ndio wasio na fedha za kulipia tanga jipya. Huunganisha turubai kuukuu wenyewe na kwenda hivyo hivyo. Fundi anakosa wateja, na mvuvi anakwenda baharini na tanga asiloliamini.

Kijana naye ana hesabu yake. Kujifunza kukata tanga kunachukua miaka, na katika miaka hiyo bodaboda inalipa kila jioni. Hatuwezi kumlaumu. Karakana isiyompa chochote mfukoni haitamweka.

Karakana ndogo inaishije?

Kwanza, isitegemee matanga pekee. Mikono inayoshona tanga inaweza kushona turubai za malori, vivuli vya maduka na mikahawa, vifuniko vya boti, mahema na mifuko imara. Matanga makuukuu yanaweza kukatwa yakawa mifuko ya kuuzia wageni katika miji kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Zanzibar tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001. Wenye majahazi ya watalii na wanaoshiriki mashindano ya matanga nao ni wateja, na hao hutaka tanga lililokatwa vizuri.

Pili, mafunzo yawe na ngazi. Mwanafunzi aanze kwa kupaka uzi nta na kushona mistari iliyonyooka kwenye vitambaa chakavu. Aingie kwenye viungo, kisha viraka, kisha kamba za ukingoni. Kukata kuje mwisho, kwa sababu mshono mbaya hufumuliwa lakini kitambaa kikikatwa vibaya kimepotea. Kila ngazi iwe na kazi inayouzwa. Anayejua kushona kiraka tayari anaweza kulipwa kwa kiraka.

Tatu, ujuzi utambuliwe. Tanzania, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kwenda chuo. Kenya, NITA huendesha mitihani ya ufundi. Fundi na wanafunzi wake waulize ofisi iliyo karibu kama ushonaji wao unaweza kupimwa. Nchi zote mbili pia zimeridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika, Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2011. Mkataba huo unahusu pia ujuzi wa ufundi wa jadi, kwa hiyo vikundi vya pwani vina haki ya kuwauliza maofisa wa utamaduni mpango wao ni upi.

Simu yako inaweza kusaidia

Kama kuna fundi wa matanga kijijini kwenu, muombe ruhusa umrekodi. Sauti peke yake inatosha kuanzia. Muulize anapimaje foromali, anaachaje tumbo, na anatumia kitambaa gani wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Mpige picha mikono yake anaposhona kamba, kwa karibu na polepole. Andika vipimo kwa mita na pia kwa pima na dhiraa anazotumia yeye. Muulize majina ya vifaa na sehemu za tanga, kwa sababu majina hayo hutofautiana bandari na bandari. Nakala moja abaki nayo yeye au familia yake.

Rekodi haitamfundisha mtu kushona bila kushika sindano. Itamsaidia tu aliyekwisha kuanza, siku mwalimu wake hayupo.

Kabla hujatweka

Kwa wenye vyombo, tunamalizia na mambo matano ya kuangalia:

1. Suuza tanga kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila upatapo nafasi. Chembe za chumvi husugua nyuzi.

2. Likaushe kabisa kabla ya kulikunja, hasa likiwa la pamba.

3. Lifunike chombo kinapotia nanga. Jua la mchana linakula uzi hata kama tanga halitumiki.

4. Kabla ya kusi kuanza, kagua pembe zote na mahali tanga linapogusa mlingoti. Vuta mshono kwa vidole. Uzi ukikatika kirahisi, kiungo chote kinahitaji kushonwa upya.

5. Ziba tundu likiwa dogo, na usiondoke bila shazia, uzi na kipande cha nta kwenye chombo.

Na kama fundi wenu bado yupo, mpelekee tanga lako kabla halijapasuka. Kazi hiyo moja humpa sababu ya kuifungua karakana kesho, na humpa mwanafunzi wake kitu cha kujifunzia.