Madoa meusi usoni: yanatoka wapi, na vile krimu ya kuchanganyiwa inakumaliza

Pimple iliisha kitambo lakini alama yake bado imekaa kwa shavu, nyeusi tii, na kila msee wa mtaa ako na ushauri: sugua ndimu, paka dawa ya meno, nunua ile krimu ya soo mbili. Kabla utoe doo, cheki kwanza unapigana na nini.

Rangi ya ngozi ni melanini. Inatengenezwa na seli fulani ndani ya ngozi, na hapa kuna kitu wengi hawajui: sisi na wazungu tuko na idadi karibu sawa ya hizo seli. Tofauti ni kazi. Zetu zinachapa kazi mob, na zikishtuliwa zinaongeza bidii. Pimple, kukwaruzwa, kuungua, vipele vya kunyoa ndevu, zote zinashtua. Ngozi inapona lakini melanini ya ziada inabaki hapo. Si uchafu, kwa hivyo ukisugua unashtua tena tu. Ndimu ndio noma zaidi, juu ukiipaka halafu upigwe na jua, ngozi inaweza kuungua na kukuachia doa baya kuliko la kwanza.

Lakini si kila weusi ni wa pimple. Kuna melasma, mabaka ya kahawia yanayotokea pande zote mbili za uso: mashavu, paji, juu ya mdomo. Inapenda mamanzi kuliko machali, hasa wakiwa na mimba ama wakimeza tembe za kupanga uzazi. Homoni na jua zimeshikana mikono.

Halafu kuna ile shingo nyeusi, nzito kama velveti, ambayo watu hucheka ati hujaoga. Zii. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi poa mwilini, na hiyo ni njia ya kuelekea kisukari. Wacha kununua skrabu, enda upimwe sukari.

Rangi pia hupotea. Vidoa vyeupe vyenye magamba laini kifuani na mgongoni kwa kawaida ni fangasi, na dawa ya ketokonazoli inaimaliza, ingawa rangi huchukua miezi kurudi. Mabaka meupe pe yasiyo na magamba yanaweza kuwa vitiligo: kinga ya mwili inashambulia seli za rangi. Haiambukizi, na daktari ako na krimu na tiba ya mwanga. Ukienda mapema ndio bora.

Sasa ile ya kuchanganyiwa kwa kikopo bila lebo. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki tangu 1998, lakini tao bado vinauzwa. Nyingine hutiwa steroidi kali, na hapo ndio mtego uko. Wiki za kwanza unang'aa, mabeshte wanauliza siri. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi na pimple zinaingia. Ukiacha, uso unawaka na kuwasha, kwa hivyo unarudi kununua ingine. Muuzaji amekupata.

Haidrokwinoni ikipakwa miaka mingi inaweza kuleta mabaka ya bluu-nyeusi. Yaani ulilipa kutoa weusi, ukaletewa mwingine ambao ni mgumu sana kutoka. Zebaki nayo inaharibu figo, na mtoto unayemkumbatia anaweza kuipata pia. Soma lebo. Ukiona clobetasol, betamethasone, hydroquinone, mercury ama calomel, rudisha kwa rafu. Kama hakuna lebo, hata usiulize bei. Ni kweli madaktari wa ngozi bado huandikia watu haidrokwinoni, lakini kama dawa, kwa kipimo kinachojulikana, miezi michache, wakikufuatilia.

Kitu cha kwanza kununua ni sanskrini, SPF 30 kupanda juu, kila asubuhi, hata ile Julai ya mawingu Nairobi. Bila hiyo, krimu zingine zote ni kumwaga maji kwa gunia. Kama inakuacha kama umepakwa unga, tafuta ya rangi ya ngozi yako. Hizo zenye oksidi ya chuma husaidia hata zaidi kwa melasma. Halafu zuia chanzo: kama ni pimple, tibu pimple.

Ya kupunguza doa lenyewe, asidi ya azelaiki ni chaguo fiti, inatibu pimple pia na mwenye mimba anaweza kuitumia. Retinoidi ni za usiku, na mwenye mimba asiziguse. Niasinamaidi na vitamini C ni pole pole. Anza na moja tu, uipe muda. Doa la kawaida huchukua miezi sita hadi mwaka kufifia, na lile la kijivu lililozama ndani linaweza kuchukua miaka.

Hospitali ya Kenyatta iko na kliniki ya ngozi kama mambo yamekushinda. Na kuna doa moja la kutongoja: jeusi kwa wayo ama chini ya ukucha, linalokua, kubadilika ama kutoa damu. Bob Marley alipatikana na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka wa 1977. Alikufa 1981, akiwa na miaka 36.