Kabla ya Medali: Tuzo za Wanafizikia Chipukizi na Swali la Mpemba

Januari 2013, jijini London, mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Nikola Bregović, alitangazwa mshindi wa pauni 1,000 za Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza. Watu zaidi ya 22,000 walikuwa wamejaribu kueleza kwa nini maji ya moto huweza kuganda upesi kuliko ya baridi. Ukumbini alikuwepo Mtanzania Erasto Mpemba, aliyeliuliza swali hilo nusu karne nyuma, akiwa bado mwanafunzi.

Kwa wanafunzi wanaosoma fizikia Isansa, wilayani Mbozi, historia hii ina uzito wake. Tuzo kubwa za wanafizikia chipukizi huanza kumwangalia mtu akiwa ameshavuka milima mingi. Chukua mfano: mwaka 1964 mwanafizikia Mpakistani Abdus Salam alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili wasomi wa nchi maskini wasitengwe na wenzao. Mwaka 1982 kituo hicho kikaanzisha tuzo ya wanasayansi vijana wanaofanya kazi katika nchi zinazoendelea, na mwaka 2018 taasisi yake ya Afrika Mashariki ikazinduliwa Kigali. Muungano wa kimataifa wa wanafizikia, ulioundwa 1922, nao hutoa medali na euro 1,000 kwa watafiti ambao hawajazidi miaka minane ya utafiti tangu kupata shahada ya uzamivu.

Mpemba hakuwa na shahada yoyote alipoanza kuuliza swali lake. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja, akihofia kukosa nafasi, Mpemba aliyaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa.

Alipohamia shule ya Mkwawa, Iringa, alikumbana na kejeli: hiyo, aliambiwa, ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimrudishia maneno hayo. Hakukata tamaa. Dkt. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba aliuliza swali lake tena mbele ya wenzake, nao wakacheka.

Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alimwomba fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaripoti kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kurudia hadi apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Mpemba wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, fani aliyoifanyia kazi baadaye.

Ubishi kuhusu maji ya moto kuganda kwanza haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwa maji. Lakini mwaka 2020 wanafizikia wa Canada waliona tabia hiyo katika chembe ndogo zilizo ndani ya maji, na sasa inachunguzwa hata katika fizikia ya kwanta. Watafiti chipukizi wanajijengea majina kwa jambo linaloitwa kwa jina la mwanafunzi wa Lushoto.

Hakuna tuzo ya kimataifa inayoweza kuziba pengo la mwalimu anayezima swali. Wilaya ya Mbozi yenyewe ina kimondo cha chuma pale Ndolezi, na maswali kuhusu anga hayakosekani. Walimu wa Isansa, mwanafunzi akisema alichokiona hakilingani na kitabu, mpelekeni maabara mkarudie jaribio pamoja naye.