Bunilizi za mizuka

Mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili vyenye hadithi ambazo asili yake ni India. Kimoja ni cha Edward Steere, mmisionari aliyekusanya ngano za Kiswahili Unguja. Humo mna kisa cha kima na papa, na ndani ya kisa hicho mna kile cha punda wa dobi. Vyote viwili vimetoka katika Panchatantra, mkusanyo wa ngano za India ya kale. Kitabu cha pili ni cha Richard Burton, yule msafiri aliyepita Unguja mwaka 1857 akielekea maziwa makuu. Burton alisimulia upya visa vya mfalme Vikrama na vetala.

Wasimulizi wa pwani walimchukua mnyama wa majini, ambaye katika masimulizi mengi ya Kihindi ni mamba, wakamfanya papa. Hadithi haikupungukiwa na kitu, kwa sababu inachohitaji ni mla nyama akaaye majini na rafiki akaaye mtini. Burton naye alimchukua vetala, akampa jina ambalo Wazungu humwitia maiti atokaye kaburini usiku kunyonya damu. Msomaji akapotoshwa tangu jalada la kitabu, maana vetala wa visa hivi hanyonyi damu ya mtu yeyote. Tofauti hiyo ya kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki ndiyo ninayoitumia kupima istilahi za tanzu ambayo kwa Kiingereza huitwa paranormal fiction. Waandishi wetu wameanza kuvutiwa nayo, na jina lake la Kiswahili bado halijatulia.

Tumtazame vetala mwenyewe. Katika Kathasaritsagara, mkusanyo mkubwa alioutunga Somadeva kwa Kisanskriti huko Kashmir katika karne ya 11 kwa ajili ya malkia Suryavati, vetala ni roho inayoingia katika maiti ya mtu mwingine. Mfalme ameombwa na mtawa ampelekee maiti inayoning'inia mtini kwenye uwanja wa kuchomea wafu. Anaishusha, anaitwika begani, nayo inaanza kusimulia. Kila kisa kinaishia kwa swali la hukumu: nani anastahili kumwoa binti huyu, nani kati ya hawa ameonyesha ukarimu zaidi. Mfalme akijua jibu na akanyamaza, kichwa chake kitapasuka. Akijibu, maiti inaruka na kurudi mtini, naye aanze upya. Mfalme hujibu kila mara, kwa kuwa ni mtu wa haki na anajua. Mwisho anaulizwa hili: baba na mwanawe wameoa mama na binti yake, lakini baba ndiye aliyemwoa binti, na mwana akamwoa mama, watoto wa ndoa hizi mbili wataitanaje? Mfalme anatafuta na hapati. Ananyamaza, na safari hii kunyamaza kunamwokoa, kwani vetala anapendezwa naye na kumfichulia kwamba yule mtawa anakusudia kumtoa kafara.

Kisa kizima kimesimama juu ya sharti la kusema na kunyamaza. Mfanye vetala kuwa mnyonya damu, sharti hilo linakosa mwenyewe.

Jina la Kizungu la tanzu hii limeundwa kwa para ya Kigiriki, yaani kando ya, na norma ya Kilatini, ambayo asili yake ni kile kifaa cha seremala cha kuhakikisha pembe imekaa sawa. Tukiiswahilisha tutapata paranomali, neno linalotamkika lakini halimwambii msomaji lolote. Maana iliyomo, hata hivyo, ni ya kushikwa. Bunilizi hizi huanza na dunia ya kawaida, ya watu wanaolipa kodi na kugombana na wakwe, kisha kinatokea kitu kisichoingia katika vipimo vya dunia hiyo ingawa kina kanuni zake chenyewe. Ngano ya zimwi haiko hivyo. Zimwi likisema katika ngano, hakuna anayeshangaa.

Neno la kwanza kuja ulimini ni mauzauza. Lina ladha, lakini linatia shaka machoni pa aliyeona: mtu akituambia ameona mauzauza, tunamuuliza kama amelala vizuri. Lingefaa kwa hadithi kama Kshudhita Pashan ya Rabindranath Tagore, ya mwaka 1895, ambamo mtoza ushuru anakaa katika jumba lililohamwa na kila usiku anamezwa na maisha ya watu waliolikalia zamani. Huko hatujui kama jumba lina uhai au ni akili ya mtu inayoteleza. Halimfai mechho bhut wa Bengali, mzuka mpenda samaki anayemfuata mvuvi akirudi nyumbani, ambaye kijiji kizima kinamjua.

Tukijaribu majina ya viumbe wetu, jini ana asili yake: ameumbwa kwa moto, ana ukoo na dini, na hakuwahi kuwa binadamu. Pepo humpanda mtu, akapungwa, akatoka; neno hilo ni la hadithi za kupagawa na linastahili kubaki huko. Mzimu ndiye aliye karibu, kwa kuwa ni mtu aliyekufa. Lakini mzimu wetu ana warithi wanaomtambikia na mahali pake katika ukoo.

Bhuta wa Kihindi amepakosa mahali hapo. Neno lenyewe la Kisanskriti limetokana na kitenzi cha kuwa, na maana yake ni kilichokuwa. Kwa mila za Kihindu, aliyekufa hukaa kwa muda katika hali ya preta, mpaka ibada za shraddha zimfikishe kwa mababu. Ibada zisipofanywa, au kifo kikiwa cha dhuluma, hukwama njiani. Chureli ni mwanamke aliyekufa na mimba au katika uzazi, na masimulizi mengi humtaja kuwa aliteswa na wakwe zake. Hurudi akiwa mrembo, nyayo zimegeuka kisigino mbele, na huanza na wanaume wa nyumba ile ile. Mwandishi anayemgeuza chureli kuwa jini la kike amewaondolea wakwe lawama, na lawama hiyo ndiyo hadithi. Nalisema hili kwa uchungu, maana ni kosa jepesi kufanya na baada ya kufanywa hakibaki kitu ila nywele ndefu na kelele za usiku.

Kwa hiyo ninalipendekeza neno mzuka. Limetokana na kuzuka, na linachosema ni kwamba kiumbe ametokea pasipotarajiwa. Halimtaji moto, halimtaji babu, wala halidai kwamba ameingia mwilini mwa mtu. Linawatosha bhuta, ambaye alikuwa mtu, na vetala, ambaye anakaa katika mwili usio wake. Vijana wa Dar es Salaam wanalitumia kwa maana ya mori au shangwe, na nimesikia hoja kwamba matumizi hayo yameliharibu. Sioni hivyo. Mzuka ukipanda, bado ni kitu kilichomjia mtu bila kuitwa. Na tukisema bunilizi za mizuka, wingi wake unaondoa utata. Mzuka basi ubaki jina la jumla, na kila kiumbe abaki na jina lake kwa tahajia yetu na upatanisho wa viumbe hai: bhuta amekuja, mabhuta wamekuja, chureli yule, yakshi huyu.

Majina hayo yana thamani kwa mwandishi kwa sababu kila moja linakuja na mwiko wake. Nishi wa Bengali huita usiku kwa sauti ya mtu unayemjua, lakini hawezi kuita zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana wazee hufundisha kutoitika mpaka mwito wa tatu. Mlango, giza na sauti ya mama vinatosha kwa hadithi nzima. Yakshi wa Kerala humsimamisha msafiri na kumwomba chokaa ya tambuu, na msomaji wa Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa chokaa hiyo. Huko Karnataka, miaka ya 1990, watu waliandika milangoni maneno ya Kikannada yenye maana ya njoo kesho, ili mzuka akisoma aondoke, na kesho yake asome tena. Filamu ya Stree ya mwaka 2018 ilichukua uvumi huo na kuupeleka Chanderi, katikati ya India, na ukafaa, kwa kuwa mwiko ulihamishwa mzima.

Aliyenionyesha jinsi ya kufanya kazi hii ni Vijaydan Detha, mwandishi wa Rajasthan aliyekusanya ngano za kwao na kuziandika upya kwa Kirajasthani. Katika Duvidha, bhuta akaaye mtini anampenda bibi harusi ambaye msafara wake umepumzika kivulini. Bwana harusi ni mfanyabiashara anayepiga hesabu njia nzima, na mara baada ya harusi anaondoka kwenda kuchuma kwa miaka mitano. Bhuta anajitia sura ya mume na kuingia nyumbani, lakini bibi harusi anamwambia ukweli, na kumwachia aamue. Mume anaporudi, mchunga kondoo anamnasa bhuta kwa hila katika kiriba cha ngozi, kinatupwa mtoni, na mwanamke anabaki na mume asiyewahi kuulizwa kama anamtaka. Mani Kaul aliifanya filamu mwaka 1973. Mwaka 2005 Amol Palekar aliirudia kwa jina la Paheli, akiwa na Shah Rukh Khan, akaubadili mwisho: bhuta anaponyoka na kuingia katika mwili wa mume. Mfasiri wa Detha atamwita bhuta tangu mtini hadi mtoni, na mfasiri wa Paheli, akifika dakika zile za mwisho, atalazimika kuandika pepo.